Yaya Kasereka, ile 429 ilikuwa yangu

Yaya Kasereka,

Nakuandikia na kalamu, mukubwa wangu, usicheke. Ile machine yako, Masika muke wako ameifungia ndani ya kabati, anasema mpaka siku arobaini ziishe hakuna mutu wa kuigusa. Nilimuambia, "Mama Masika, sasa mimi njo fundi wa programu mwenye anabaki Butembo nzima." Akaniangalia toka kichwa mpaka viatu, akasema, "Basi Butembo imekwisha."

Unaona namna wananitesa.

Bureau yetu ya barabara ya Rughenda iko imefungwa. Batu bado banakuja na listi zao, banapiga mulango, banasoma jina lako, halafu banakumbuka hauko tena. Mimi nimerudi kwa meza yangu ya kutengeneza telefone, palepale ulinikuta siku ya kwanza. Uliniuliza kama najua kuandika programu nikajibu ndiyo, mimi mwenye niliacha masomo mwaka wa tatu wa sekondari na sikujua hata programu inaandikwa wapi. Kisha wiki mbili ulijua nimedanganya. Hukunifukuza. Ulisema, "Muhindo, uongo wako uko na akili, tuutafutie kazi."

Kazi ukaitafuta kweli. Kwetu mutu akifa Butembo, ndugu bako Lubero, bako Beni, bako Oicha ndani kabisa ya mashamba ya kakao, na maziko hayangoji. Radio inasoma matangazo kwa saa yake, mwenye hakusikiliza amekosa. Wewe ukatunga programu: familia inaleta listi ya namba, tunabonyeza mara moja, habari inaenda kwa serveur ya kampuni ya mesaji, nayo inagawia telefone zote.

Mimi ukanipa kipande kimoja tu, kusoma jibu la serveur. Nakumbuka ulivyokaa, kikombe cha chai juu ya goti. "Kila ukituma, serveur inarudisha namba. Ikianza na 2, imepokea. Ikianza na 4, kosa liko kwetu sisi wenye kuomba. Ikianza na 5, kosa liko kwao. Soma namba kwanza, njo useme." Ukanipa mufano wa mutoto unayemutuma na karatasi kwa bureau ya commune. "Mutoto kurudi haisemi karatasi imesainiwa. Pengine amerudi na hapana." Nikakujibu hayo nayajua toka tumboni mwa mama.

Niliandika mistari sita. Jaribu kutuma. Ikishindikana, andika "imekataa" kwa rangi nyekundu. Isiposhindikana, andika "imetumwa" kwa kijani. Nikachomoa internet, nyekundu ikatoka. Nikairudisha, kijani. Nikakuita uone, nikasema hata Kinshasa habana kitu kama hiki. Ulikuwa na mugeni, ukasema, "Umesoma namba?" nikasema ndiyo.

Sikusoma. Na Python, ile lugha tuliandikia programu, haipigi kelele eti kwa sababu serveur imekataa. Inapiga kelele kama serveur haikujibu kabisa. Jibu likirudi, hata likiwa la kukataa, kwake ni jibu. 200, 401, 429, 503, zote zilipita mulango mumoja, na ule mulango mimi niliupaka kijani.

Halafu mama ya Papa Mbusa akafa.

Unamukumbuka vizuri kuliko mimi, mulimaji wa viazi wa Lubero, mutoto wa kwanza. Mama yake alifia hapa Butembo kwa binti yake, Mama Kavira. Mama Kavira alileta listi ndefu, batu ba Butembo juu, ba Lubero chini kabisa. Wewe ulikuwa umeenda kuangalia antena, bureau ilikuwa yangu. Nikabonyeza. Serveur ilipokea za kwanza, halafu ikachoka na mbio zetu ikarudisha 429: munauliza haraka sana, ngojeni. Ilisema mpaka sekunde za kungoja. Programu yangu haikungoja kitu. Listi yote ikawa kijani, inapendeza kama shamba la maharagi.

Mama Kavira alikuwa na telefone mukononi, anajaribu kupigia kaka yake, réseau ya Lubero inakatika. Akaniuliza, "Na ya kaka imefika?" Nikageuza écran nikamuonyesha. "Mama, imefika, naapa. Mimi njo nimeandika hii kitu."

Akaweka telefone ndani ya mufuko.

Ni pale, Yaya. Nikifunga macho ninauona ule mukono unaingia mufukoni.

Balimungoja Papa Mbusa mpaka saa nane. Batu bakaanza kunong'ona kwamba amekasirikia ile parcelle, kile kiwanja baba alimuachia dada. Bakazika. Mutoto wa kwanza hakumutupia mama yake udongo.

Siku ya tatu toka maziko, asubuhi, kabla wewe ufike bureau, nilifungua daftari ya machine, kule inaandika kila jibu la serveur. 429, 429, 429, ukurasa muzima. Nikaifuta. Ulipoingia nikakuambia serveur yao ilianguka, ilirudisha 503. Nilichagua 503 kwa sababu ulinifundisha mwenyewe, 5 ni kosa lao. Sijawahi kutumia masomo yako vizuri kama siku ile.

Mchana Papa Mbusa akaingia, matope mpaka magoti. Hakufoka. Aliuliza kitu kimoja: "Nani aliambia dada yangu kwamba mimi najua?" Nilikuwa nyuma ya écran, nikainama kama natafuta waya. Wewe ukasimama. "Papa, programu ni yangu. Kosa ni langu." Hukusema serveur. Hukusema Muhindo. Ukamushikia mukono na mikono miwili, na mimi nikaendelea kutafuta waya.

Kesho yake nikakuta umeongeza mistari miwili, mumoja unasoma namba, mwingine unangoja kama serveur inasema ngoja. Jina langu uliliacha juu ya kazi. Donc, basi, ulikuwa umeona. Hukuniuliza hata neno. Kitambo kidogo tu ulisema, unakunywa chai yako, "Muhindo, ile serveur yao siku hizi ni muzuri sana, haianguki tena." Nikacheka. Ulikuwa unanifungulia mulango, na mimi nikacheka. Nilijiambia nitasema Noeli. Noeli ikapita, nikajiambia nitasema kwa Pasaka, kwa sababu Pasaka batu banasameheana.

Ukaenda Oicha kusalimia mama yako, homa ikakushika, bakakushusha hospitali ya Beni. Ile Pasaka hukuifikia.

Mesaji ya kifo chako nilituma mimi. Masika alinisomea namba za telefone kwa sauti imara, mimi nikaziandika, nikabonyeza. 200, 200, 200, halafu 429. Programu ikasimama kungoja, mistari yako miwili inafanya kazi wewe haupo. Ikangoja, ikaanza tena, zote zikapokelewa. Na kwa sababu 200 inasema tu serveur imepokea, haisemi mutu amesoma, nilipigia kila mutu kwa sauti, mumoja mumoja, mpaka shingo ikakakamaa. Ungenisifu. Hapana, ungesema, "Leo njo umejua?"

Papa Mbusa hakuwa kwa listi. Alisikia kwa radio, akapanda camion ya viazi akakuja mpaka Beni kukuzika. Alikutupia udongo. Halafu akageukia batu akasema, "Huyu alinikosea, lakini alisimama akasema." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimeshika chepeo ya kufukia kaburi. Nikashika chepeo.

Juzi nimeenda Lubero. Nilimukuta anachambua viazi, mbegu huku, vya kuuza kule. Nikamuambia yote nimesimama, kijani, daftari, 503, waya. Mikono yake haikuacha kuchambua. Kisha akasema, "Donc nilimusamehe mutu mwenye hakukosa." Akauliza, "Na wewe unataka nini kwangu?"

Nikasema nataka msamaha.

"Mimi mama yangu nitamukuta kwa Mungu, nitamuelezea. Dada yangu iko hapa duniani, haongei na mimi toka kilio cha mama. Nilimuambia ilikuwa kosa ya machine. Anasema aliona kijani na macho yake, na kijana aliapa." Akanitupia kiazi kimoja mukononi, kilikuwa kimeoza. "Ulimuapia nani, kijana? Mimi?"

Yaya, nilidhani nimeharibu maziko ya siku moja. Kumbe kila siku walipoamka bila kuongea, ilikuwa bado ni mimi. Na wewe kosa langu ulilibeba lote, lakini kile kiapo hukukijua, kwa sababu sikukuambia. Ningekuambia kwa ile chai, ungevaa koti tungeenda sote kwa yule mama, ungesimama pembeni yangu, na mimi ningejifanya siogopi. Sasa naenda bila wewe, na ninaogopa.

Papa Mbusa anashuka kesho asubuhi na gunia la viazi vya dada yake. Amesema atabaki barabarani, mimi niingie kwanza.

Nakuahidi hivi, na safari hii siapi. Nitasema mbele ya Mama Kavira na batoto yake na mutu yeyote mwenye atakuwa pale: kaka yako hakujua, mimi nilikuonyesha kijani na sikuwa nimesoma namba. Akinifukuza nitatoka, nitasimama nje ya lupango, kwa mulango wa uwanja wake. Akinitukana nitanyamaza, na wewe unajua ile ni kazi namna gani kwangu. Sitaondoka pale mpaka amuite kaka yake aingie.

Pumuzika, Yaya. Masika namuangalia, hata kama hapendi.

Muhindo