Udodi wa Mama Kwenye Mishikio ya Pikipiki

Dodoma, nyuma ya stesheni,
20 Agosti 1913

Mpendwa mdogo wangu Jaha,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, nimeipokea kabla haijafika. Hujambo huko Tabora? Shemeji Shaaban kifua chake kimepoa? Sisi huku wazima, ila mgongo wangu, na huo ndio ulionikalisha niandike. Mkono ni wa karani Hasani, maneno ni yangu, na nimemkataza kuyanyoosha.

Hiyo habari uliyoletewa na watu wa garimoshi, kwamba kaka yako ameiba waya wa simu, sivyo. Kila mtu anaisimulia upogo. Isikie kwangu niliyekuwamo.

Yupo hapa Mdachi mmoja, fundi wa reli, ana pikipiki. Upepo wa alfajiri wa mwezi wa saba unaujua. Alikuwa akifika Hombolo vidole vimekuwa kuni, hata breki hashiki. Chini ya kiti kulikuwa na sanduku la betri la kuwashia taa, akataka lipashe na mikono. Akaniita mimi, maana nguzo za simu nimezibeba hizi begani mpaka zikanijua jina. Akasema umeme ukipita kwenye waya mwembamba unapata joto, kama watu wanaobanana mlangoni. Nikamwambia yaliyobaki niachie.

Nilizitoa bangili za Mama, zile mbili za udodi, yangu na ile uliyoniachia nikuwekee ulipoolewa. Nikaichagua yangu. Nikaufumua ule udodi wa shaba ya njano, mwembamba kama unywele. Mshikio nikauvika ngozi kavu kwanza, umeme usikimbilie kwenye chuma, nikazungusha udodi, juu nikashona ngozi ya mbuzi. Mikono ikapata joto. Taa ikafifia kidogo, basi. Mdachi akacheka peke yake barabarani. Hata kwao Ulaya jambo hili hawana.

Nilipokuwa nazungusha, Mrisho alikaa pembeni anakula karanga zangu. Mrisho mtani wangu, yule mlinzi wa waya wa simu, niliyemuuguza ndui watu wote walipomkimbia. Aliona kila kitu, na bangili akaishika kwa mkono wake.

Baada ya wiki tatu waya wa simu ukakatwa njia ya Mlali, kwenye zamu yake. Bwana Shauri, yule Mdachi mwamuzi wa kesi, akamwita bomani. Nami nikaitwa, na pikipiki ikaletwa, ngozi ikapasuliwa. Udodi ulikuwa umeungua, umekuwa mweusi, wa njano hautambuliki. Mrisho akasimama, hakunitazama.

"Huo ni waya wa serikali, Bwana. Nilimwona akiukata."

 Nikamgeukia yule fundi, nikamwomba aseme kwamba waya aliouona kabla haujaungua ulikuwa wa njano. Akaangalia viatu vyake. Aliogopa kuulizwa kwa nini hakuuliza waya ulikotoka. Bwana Shauri hakuukwaruza hata kwa ukucha aone rangi yake. Akaamuru fimbo hamsa ishirini, yaani ishirini na tano. Nilizihesabu mwenyewe kwa sauti. Ya kumi na saba askari akapotea hesabu, nikamrudisha.

Jioni Mrisho akaja na uji. Akasema, "Pole, mtani. Mgongo wako mpana kuliko wangu."

Nikamjibu, "Mpana, lakini leo umejaa. Tafuta pengine pa kupanda."

Uji nikamwagia kuku. Tangu siku hiyo karanga nakula peke yangu, na zimekosa ladha. Viboko vinapona. Yule aliyeishika bangili ya Mama akaiita waya wa serikali, huyo haponi ndani yangu.

Wakwezo wasikucheke kwamba una kaka mwizi. Nisalimie Shemeji, na shangazi Mwanamvua mwambie meno yangu bado yote. Swaumu mke wangu anakusalimu. Mungu akupe nyumba yenye mlango usiozoea kufungwa.

Hasani alitaka kufunga bahasha, nimemshika mkono. Jambo moja humo nimelitunga. Si la kuhesabu viboko, hilo kweli tupu. Ni la bangili. Niliyoifumua haikuwa yangu, ilikuwa yako. Nilijisemea Jaha yuko mbali, hataiuliza. Mrisho alikuwepo, akaniuliza hiyo si ya dada yako, nikamwambia nyamaza ule karanga.

Yangu nimeifunga humu kwenye kitambaa. Ivae. Ukiulizwa, sema ni ileile uliyoniwekesha.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, hata nisipostahili,
Seleman