Mama Mkwe na Dawa Zake Mbili

Bwiza, Bujumbura

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka salama, goti limepoa, na baba amepona ile homa aliyokuwa nayo mlipoandika. Sisi hapa hatujambo: mimi, Baba Zuhura na watoto. Risasi bado tunazisikia upande wa Kamenge, lakini huku Bwiza pametulia kidogo na soko linafunguliwa. Najua redio inawatisha huko Ujiji. Mkisikia Bujumbura, msidhani kila mara ni mlangoni kwetu.

Nimekaa kimya kwa sababu ya mama mkwe. Unajua ana presha tangu nilipoolewa hapa. Miaka yote anameza vidonge vya zahanati ya mtaani, na presha ilikuwa imetulia. Masika haya akaanza kukohoa, akakonda, na kila akiamka shuka limelowa jasho. Tukampeleka kituo cha kifua, ng'ambo ya mji. Wakapima makohozi, wakasema ni kifua kikuu, wakamwanzishia dawa.

Tulipotoka pale alinishika mkono. "Mukwe wangu, hii maneno inabaki mu nyumba. Watu wakisikia, hakuna mutu atakaribia meza yangu ya vitenge." Mimi na Baba Zuhura tukakubali.

Dawa za kifua zilimfaa. Mkojo wake ukawa mwekundu kama chai ya rangi, tukaogopa, lakini kituoni walikuwa wametuambia ni kawaida ya ile dawa. Kikohozi kikapungua, akaanza kuomba chakula. Ila presha ikapanda. Muuguzi wa zahanati alimpima mkono huu, akampima na ule.

"Mama, dawa unameza kweli?"

"Nameza kila siku. Mi siko mutoto."

Tuliporudi mara ya pili ilikuwa imepanda zaidi. Muuguzi akanigeukia mimi, akaniambia nipunguze chumvi.

Mama, namwekea chungu chake peke yake, maharage yasiyo na hata punje ya chumvi. Lakini jioni moja Baba Zuhura alirudi kutoka gereji, akaja jikoni na mikono yake ya grisi, akafunua kile chungu, akaonja.

"Umetia chumvi humu."

"Onja tena."

Akaonja tena, akafunika chungu, akatoka. Hakusema nimekosea, hakusema amekosea yeye. Nilikaa na hasira siku nyingi. Baadaye akageuka kusema ni vidonge, kwamba tangu nchi iwekewe vikwazo vya biashara watu wanauza dawa bandia. Akanunua vya aina ileile famasi nyingine, na presha haikushuka.

Ndipo asubuhi moja mama mkwe alikuwa anakunywa uji, kikombe kikamponyoka. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yakawa yanamtoka mazito kama mtu mwenye usingizi. Zuhura akakimbia kumwita baba yake. Alipofika, mkono ulikuwa umeshaanza kurudi, lakini hatukungoja. Basi la kwenda hospitali lilitushusha kwenye bariyeri ya askari, magari hayakuruhusiwa kupita. Tukamshika huku na huku, tukatembea. Askari mmoja alimtazama usoni akatufungulia njia bila kuuliza vitambulisho.

Daktari alikuwa mzee, mpole. Alimpima, akataka kumwongezea vidonge vilevile vya presha. Akauliza, "Kuna dawa ingine anakunywa?"

"Apana," akasema mama mkwe.

Baba Zuhura akatazama sakafu. Nje ya pazia kulikuwa na wagonjwa kwenye benchi, na mmoja wao ni jirani yetu. Mimi nikaukumbuka ule mkono ulivyolegea asubuhi. Nikasema, "Anameza dawa za kifua kikuu, dokta." Mama mkwe alinifinya paja mpaka alama ikabaki.

Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba ile dawa inayofanya mkojo kuwa mwekundu inalifanya ini lichape kazi kupita kawaida, linaiondoa dawa yake ya presha mwilini kabla haijafanya kitu. Alikuwa anameza kweli, na mimi chumvi sikutia. Akamwambia, "Ya kifua usiache hata siku moja. Nabadilisha ile ya presha." Akampa ya aina nyingine, akasema pia ile dawa ya kifua ikiisha turudi apimwe upya, maana mwili utabadilika tena.

Njia nzima mama mkwe hakunisemesha. Wiki ile alikula chakula changu bila kunitazama. Tuliporudi zahanati na presha imeanza kushuka, ndipo alipomwita mwanawe barazani, nami nipo.

"Usimugombeze tena huyu juu ya chumvi. Mi ndiye nilifunga mudomo yake. Angenitii, sasa mungekuwa munanizika."

Baba Zuhura akaniomba radhi palepale, mbele ya mama yake. Nimemsamehe, ingawa nilimwacha angoje kidogo.

Jirani yule alisema alichosikia, na wateja wawili watatu wameacha kuja. Wengine wanakuja. Jana nilimwuliza mama mkwe kama niwaandikie kwamba aliugua homa tu. Akasema, "Andika jina ya ugonjwa. Mamako naye ana presha, ajue."

Kwa hiyo mama, nakuomba. Vidonge vya goti ulivyoandikiwa Kigoma, vichukue pamoja na vya presha, uviweke vyote mezani kwa daktari. Nilimwuliza yule daktari mzee habari zako, akasema dawa nyingine za maumivu hupandisha presha. Usiache chochote kwa neno langu mimi, nenda ukaulize.

Msalimie baba, na kaka anayefanya kazi bandarini, na shangazi fundi cherehani. Mwambie gauni la Zuhura limemkaa vizuri. Mdogo wangu wa mwisho mbusu kwenye paji la uso hata kama atakataa. Mama mkwe anakusalimu sana. Amekaa hapa ubavuni kwangu, anachambua mchele.

Mwanao anayekuwaza,
Mama Zuhura