Siku ya Tangi Tupu

Mzee wangu,

Kwetu Bungoma tunazika. Mtu akifa tunajua alipo, na ukizidiwa unaenda kukaa kando ya kaburi umgombeze kidogo kwa kukuacha. Wewe ulichomwa pale Kariokor asubuhi, kama desturi yenu Makalasinga, na majivu mwanao akaondoka nayo ng'ambo. Sasa mimi nikagombane na nani? Ndiyo maana naandika.

Ofisi yetu ya Ngara bado ipo. Yule mama wa vitambaa bado anauza hapo chini, na huku juu nimebaki mimi, kompyuta na kiti chako. Juzi aliniuliza wateja wangu hupitia wapi, maana husikia nikibishana na mtu na hamwoni anayeshuka ngazi. Nikamwambia ni simu. Ni wewe, Mzee. Ni ule mchezo wetu. Nacheza pande zote mbili, na nimechoka.

Utausahauje, nawe ndiye uliyeuanzisha? Kila tulipopata kazi mpya ya kusanifu tangi au boila, kabla ya hesabu yoyote, ulinikalisha kwenye stuli, ukaegemea kiti chako, ukakunja mikono juu ya tumbo, ukasema kwa Kiswahili chako cha Ngara: "Mimi iko tangi. Ua mimi, beti." Beti, yaani binti kwa lugha yenu. Nami nikaanza kukuua. Nakupandishia presha hadi mwisho. "Bado kufa." Nakujaza maji ya kukupima nguvu, miguu ilemewe. "Bado kufa." Nakukatia mvuke ghafla, upoe, ujikunyate kama chupa ya plastiki iliyofyonzwa. Hapo ulikuna ndevu, ukakubali umekufa, ukaniambia niandike. Hivyo ndivyo tulivyochagua hali za mzigo, zile siku mbaya zote ambazo chombo kinaweza kuziona maishani, ndipo tukazipigia hesabu moja moja. Na nilipokurundikia dhoruba na tetemeko siku moja, ulinifokea. "Mungu hapana kali hivyo!" Hata woga ulitaka uwe na kiasi.

Lakini kuna siku moja hatukuipigia hesabu, Mzee. Siku ya mimi kupanda ngazi nikute mlango umefungwa. Ulikuwa umeniambia bado kufa mara nyingi mno, nikakuamini.

Wiki jana nusura nishindwe. Kuna tangi refu la maji moto la kiwanda cha maziwa, litasimama uwandani ambako hakuna hata kichaka cha kuvunja upepo. Kontrakta ni Kamau, unamjua na haraka zake. Alimwaga zege la msingi na kupanda bolti kabla sijamaliza kazi yangu, tena bolti nyembamba. Alilifikiria tangi likiwa limejaa, na kweli, likijaa uzito wake wenyewe unalikalisha chini. Je, likiwa tupu? Siku ya kulisimamisha, siku ya kulisafisha? Linabaki gamba refu linalosukumwa na upepo, limeshikwa na bolti tu, na zile zisingelishika. Lingewaangukia watu.

Nilimwambia avunje msingi. Akaniuliza kwenye simu ni nani ananunua tangi aliache tupu, kisha akasema Mzee angekuwepo angetia sahihi, mambo yaishe. Woi! Hilo lilinichoma. Nilirudi nyumbani mtaa wa Satellite nikilia barabarani kama mtoto. Na nilitaka kutia sahihi, Mzee. Si kwamba niliamini maneno yake. Nilikuwa nimechoka tu kukataa peke yangu. Zamani tulikataa wawili, ukapiga meza, nami nikamwaga chai kwa kucheka.

Kesho yake akaja mwenyewe na karatasi zake. Nikamwonyesha stuli. Mimi nikakaa kwenye kiti chako, mara ya kwanza tangu uondoke. Bado kinalia upande wa kushoto. Nikakunja mikono.

"Mimi iko tangi, Kamau. Ua mimi."

Akacheka. Kisha akakumbuka maneno hayo ni ya nani, akaacha. Akajaribu. Presha. Bado kufa. Maji. Bado kufa. Joto. Bado kufa. Akakwama, akageukia dirisha, na pazia lilikuwa limefura kwa upepo. Akalitazama kitambo.

"Ukiwa tupu," akasema polepole. "Ukiwa tupu, halafu upepo uje."

Ilikuwa zamu yangu kukubali nimekufa. Nililia pale kwenye kiti chako mbele ya kontrakta mzima, kamasi na yote. Kamau alizungusha kofia yake mkononi, hakujua aangalie wapi, kisha akakusanya karatasi bila sahihi. Jana walianza kuvunja zege.

Basi pumzika, Mzee. Sat sri akal, kama ulivyonifunza kuaga. Nakuahidi hakuna chombo kitakachotoka ofisini humu kabla sijakiua kikiwa tupu. Jumatatu kuna boila ya hoteli. Stuli nimeiacha palepale mbele ya kiti, na nimemwomba Kamau akipita Ngara apande juu aniue kidogo. Amesema atakuja.

Beti wako,
Nekesa. Bado kufa.