Wifi Anataka Kwenda na Upepo

Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa nimefika wapi? Jana mteja kanikatiza, kaja kugomba eti pazia lake fupi, kumbe dirisha lake ndilo refu. Enhe — wifi! Wifi yangu anataka kwenda baharini. Si kuoga. Kwenda! Na Bibi Kofia, nahodha wa ile mashua nyeupe ya matanga iliyofunga gatini toka mwezi uliopita. Mwanamke yule alikuwa mhasibu, kauza nyumba, kanunua mashua, sasa anaishi humo kama konokono. Leo bandari hii, kesho ile. Mwenzake kachoka kutapika, karudi kwao na basi. Sasa anatafuta mtu wa pili.

Na mtu wa pili ndiye wifi! Miaka hamsini na miwili! Goti moja linalia kama bawaba!

Nikamuuliza, we bahari umeijulia wapi? Kasema, si ulinituma kutundika vile vipazia vya mashua. Nahodha kanishikisha usukani. Mara moja? Hapana, nimekwenda mara nyingi. Lini? Kila nilipokwambia naenda kwa fundi viatu.

Jamani! Ya mtaa mzima nayajua, ya chumbani kwangu yamenipita.

Jumatano, 5 Machi

Kaka yake ndiye aliyenioa. Akatangulia, akaniachia dada mtu. Ndio urithi wangu huo, wala silalamiki. Duka letu ni sebule hii hii: mie nashona, yeye anapima na kutundika. Mie nasema, yeye anaguna. Hata mguno wake ninaujua, wa ndiyo na wa nyamaza. Akienda nitasema na nani? Na cherehani?

Leo nikambana. Wifi, unafuata nini huko? Maji ya chumvi hata kunywa hayanyweki. Kaweka mkasi mezani, nikajua anaondoka. Kumbe anapanga maneno. Kasema maisha yangu yote, wifi, natundika mapazia kwenye madirisha ya watu. Nataka nikaone wanachochungulia.

Kanishinda kwa maneno. Mie!

Nikaenda zangu kwa msusi. Pale ndipo roho yangu inapotulia. Kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, nikawapa habari yote. Wakauliza, sasa utafanyaje? Nikasema namkata mbawa mapema, tuone ataruka na nini! Wakacheka mpaka msusi kaangusha kitana. Na mie nikacheka. Si maneno tu?

Ijumaa, 7 Machi

Tanga limekuja dukani! Kona imechanika, Bibi Kofia kaomba nilitie kiraka. Kubwa lile, tumetoa meza nje, tumetoa na viti. Ukiligusa linapiga kelele kama mfuko wa dukani. Sindano mbili zimevunjika. Lakini kiraka kimekaa, nimekipiga zigizaga mistari mitatu, hata tembo hang'oi.

Halafu nikalikagua. Ee bwana — nyuzi zinaning'inia! Katikati ya tanga, vijinyuzi vya sufu, kimoja huku kimoja kule. Nikasema fundi aliyelishona hili alikuwa mchafu sana. Mama alinifinya masikio kwa ajili ya uzi mmoja, kazi haitoki mkononi mwangu na nyuzi. Nikazikata zote. Upande huu, nikageuza, upande ule. Likawa safi kama shuka la hoteli.

Wifi karudi, kalikunja, kalibeba. Kasema ahsante wifi. Kesho wanakwenda kulijaribu, yeye mwenyewe kwenye usukani. Uso unamng'aa kama mwari. Nikaangalia pembeni.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi kaletwa na Bibi Kofia, bega limefungwa kitambaa. Ile boriti ya chini ya tanga imegeuka ghafla ikampiga. Angeinama kidogo tu ingekuwa kichwa! Hataki kusema. Hataki supu. Hataki mie nimguse.

Sielewi.

Jumapili, 9 Machi

Sasa naelewa, na heri nisingeelewa.

Bibi Kofia kaja asubuhi kumwona mgonjwa. Kaniuliza taratibu, zile nyuzi za sufu ziko wapi? Nikamjibu kwa fahari kabisa, nimekusafishia! Yule mama kakaa kwenye kiti, kafunika uso, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Kisha akaacha kucheka.

Zile nyuzi ndizo macho ya mtu wa usukani. Upepo hauonekani, ndiyo maana wakatia nyuzi. Zikilala pamoja zimenyooka, unakwenda vizuri. Zikianza kuchezacheza, geuza kidogo. Wifi kafundishwa kutazama hizo, hajui kingine bado. Nahodha mwenyewe alikuwa mbele anahangaika na kamba. Wifi kainua macho, hakuna kitu, tanga jeupe tupu. Kageuza, kageuza mno, upepo ukapita nyuma ya tanga, boriti ikaja.

Nikaenda chumbani kuomba radhi. Wifi kalala anatazama ukuta. Kasema ulisema kwa msusi utanikata mbawa. Kumbe limemfikia! Msusi yule, mdomo kama ungo! (Nani alimjaza? Mie.) Nikasema wifi, haki ya Mungu, sikujua zile nyuzi ni za nini. Akageuka kwa shida, akanitazama.

"Wewe? Wewe usijue kitu? Wewe unayejua paka wa jirani kalala wapi?"

Nikatoka, nikaenda kupasha supu asiyoitaka.

Jumatatu, 10 Machi

"Fundi, nipe chumvi."

Neno lake la siku nzima. Haniiti wifi. Ananiita fundi, kama mteja.

Jumanne, 11 Machi

Daktari kasema mfupa mzima, nyama tu imevimba. Bibi Kofia kesho anang'oa nanga, upepo hausubiri bega la mtu. Wifi akiweza, aje. Asipoweza, atatafuta mwingine bandari ya mbele. Wifi kaguna. Kwa mara ya kwanza sikuujua mguno ule ni wa nini.

Hapa hakuna anayesoma, basi niseme. Mkasi niliushika kwa usafi, hilo naapa. Lakini Jumamosi nilipoona bega lile limefungwa, kitu cha kwanza kuniingia moyoni hakikuwa huruma. Ilikuwa: basi haendi. Nilifurahi! Kidogo tu, kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake akafumba kiganja. Mungu anisamehe. Wifi kaniona, nadhani. Ndiyo maana hanisadiki.

Nikaomba tanga lirudi dukani. Bibi Kofia kasema tafuta sufu yoyote, iwe na rangi kali, ionekane. Nikafungua sanduku. Sweta la marehemu, lile la rangi ya chungwa. Alikuwa akilivaa anaonekana toka kona ya mtaa, nikawa namtania, mume wangu unaongoza magari? Nikafumua mkono mmoja. Kila uzi nimeupitisha na sindano, fundo huku fundo kule, mkia huku mkia kule, kama nilivyoelekezwa. Kazi haina nyuzi zinazoning'inia, ila hizi.

Wifi kapita mlangoni. Kasimama. Kaenda zake.

Jumatano, 12 Machi

Niko gatini, nimekaa juu ya mfuko mtupu wa tanga, naandika gotini. 

Asubuhi wifi kafunga begi lake. Au kalifungua? Niliona zipu tu. Tumekuja njia nzima yeye mbele mie nyuma, mie nasema peke yangu: jua hili, viatu hivi, muuza magazeti kanenepa. Hakuguna hata mara moja. Sasa yuko mashuani, begi liko bado huku kwenye mbao, karibu na mguu wangu. Hakuniambia nilipeleke, hakuniambia nilishike. Basi tunatazamana, mie na begi.

Wanapandisha tanga. Bega linamuuma, anavuta kwa mkono mmoja, Bibi Kofia anamsaidia. Linapanda, linapigapiga. Kiraka changu kimekaa! Limesimama.

Nyuzi zinacheza. Zinacheza... sasa zimelala. Zote. Za chungwa, zimenyooka, huku na kule. Toka hapa naziona, mie mwenye macho ya miwani.

Wifi kaziona. Kaacha kamba, kainua uso. Anazitazama hivyo hivyo, mdomo wazi, kama mtu aliyeona mtu wake kwenye kona ya mtaa. Kafuta pua na kitambaa cha bega.

Ameangalia huku. Nimeinamisha kichwa, najifanya naandika. Naandika kweli.

"Wifi!"

Mie? Kasema wifi!

"Wifi wee! Weka chini hilo daftari, njoo kwenye kamba!"

Ya kukaza wabaki au ya kufungua waende, hajasema. Na hili begi je? Nakuja, jamani, naku