Dawa Uliyomtumia Mama

Kaka Hamimu,

Sote hapa Muhima tunakusalimu. Kitenge cha Mama kimeshonwa, kimempendeza sana. Barua hii utapewa na dereva yuleyule wa basi anayetuletea mizigo yako, maana simu hupokei.

Usitume tena ile dawa. Mama anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, nampa mwenyewe hapa famasi. Yako ni hiyohiyo, jina tu tofauti. Kumbe alikuwa akinificha, anameza zote mbili, eti ya mwanangu wa Dar ina baraka. Nilishtuka nilipoona fizi zake zinatoka damu. Amelazwa, lakini anaongea. Usijilaumu.

Nilimuuliza maboksi mengine yako wapi, akatabasamu. Amewagawia wanawake wenzake wa darsa msikitini, wenye presha, akidhani itawafaa. Nani na nani, hakumbuki.

Nilipofika hapa katika kuandika, akaingia mama mmoja, anataka dawa ya fizi zinazotoka damu.

"Za kwako?" nikamuuliza.

"Hapana, za jirani yangu. Leo hata darsani hakuja. Nimemgongea mlango, haitiki."

Nafunga famasi, naenda naye.

Dada yako,
Swafiya