Nondo wa Wakonyo

Skuta,
Nyeri.
9 Novemba 2024

Mpendwa shemeji Watiri,

Pokea salamu kutoka huku kwetu kwenye baridi. Natumaini wewe na watoto mko wazima huko Doha, na kazi haikuchoshi kupita kiasi. Sisi tuko. Binti yetu Wangui amerudi chuoni wiki hii. Mimi nalala, naamka.

Siku ya mazishi ya dada yako Wakonyo uliniuliza kwa simu alisema nini mwisho, nikanyamaza. Sikuwa nakuficha. Niliogopa utadhani nimechanganyikiwa, maana alizungumza juu ya viwavi.

Mwezi wa nne Wakonyo aliwakuta kwenye mti wa mutundu, pale ukingoni mwa msitu: weusi, wanene kama kidole, miiba myeupe mgongoni na madoa mekundu ubavuni. Unajua mwalimu wa bayolojia hastaafu. Akaleta saba nyumbani, akawalisha majani ya mti huo, akitaka kujua watakuwa nondo wa aina gani. Walipojichimbia kwenye ndoo ya udongo, yeye alikuwa amelazwa hospitali. Nikamwambia wamepotea. Akasema, "Hawajapotea. Usiwachimbue." Asubuhi yake akatuacha.

Ndoo ilikaa barazani miezi mitano. Siku moja mwezi wa kumi nikaishika nimwage ule udongo. Sikuwa na hasira wala huzuni. Nilikuwa nafagia tu.

"Baba, wacha," Wangui akasema. "Mama alisema ati wanangoja mvua."

Nikaiweka chini. Mvua ilikuja wiki iliyofuata, na Jumanne jioni tukamkuta mmoja ameshika ukuta, mabawa bado yamekunjamana. Yalipokauka yalikuwa mapana kuliko kiganja changu, ya kahawia iliyokolea, na kila bawa la nyuma lina doa la chungwa kama jicho. Wangui akamtumia picha Bwana Ngatia, mtaalamu wa wadudu aliyesoma na mama yake. Akapiga simu: wataalamu humwita Bunaea alcinoe, na huyu ni jike, kwa kuwa vipapasio vyake ni vyembamba. Nikauliza tumpe chakula gani.

"Hali kitu, mzee. Alikula alipokuwa kiwavi. Sasa ana siku chache tu za kutaga."

Tulimpeleka kwenye mutundu. Asubuhi dume alikuwa kando yake, vipapasio vyake kama unyoya. Siku ya tatu tuliona mayai kwenye majani. Siku ya tano jike alikuwa chini, amekufa, nami nikamtazama nisihisi kitu.

Wangui akauliza kama tuyabebe mayai nyumbani.

"Yaache," nikamwambia. "Wakonyo angeyaacha."

Alinitazama, akaanza kulia. Tangu tumzike sikuwa nimelitamka jina hilo. Mimi sikulia, shemeji. Lakini tulipokuwa tukirudi, nililitamka tena.

Nisalimie Koome mume wako, na umbusu mwanao Kajuju na wenzake. Wangui anakukumbuka sana. Mungu awafunike huko ugenini hadi tuonane.

Ni mimi, shemeji yako akupendaye,
Wamae