Kura ya Baraka Kwenda Maryland

Jumapili, 9 Oktoba 2022

Tumetoka kanisani, nimepika pilau, Baraka ameosha vyombo bila kuambiwa. Wiki saba na siku moja za ndoa. Bado nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unaruka. Mume wangu. Naandika tena kwa raha zangu: mume wangu.

Baada ya chakula ametandaza karatasi ya kura mezani. Imetoka Maryland, alikoishi miaka kumi na moja na kula kiapo cha uraia kabla ya kuvuka mpaka na kuhamia huku. Kumbe Mmarekani anayeishi nje hupiga kura kwa posta, na kura yake inahesabiwa kule alikoishi mwisho. Nilidhani wanachagua rais tu. Mwaka huu rais hayumo kabisa! Yumo gavana, seneta, mbunge, mkuu wa polisi wa kaunti, majaji wa mirathi, bodi ya shule. Karatasi ndefu kama ratiba ya harusi. Nikamwuliza jaji anapigiwaje kura, si atawapendelea waliompa? Akacheka, akasema hata wao wanabishana.

Akanieleza serikali yao kwa vikombe vya chai. Kimoja Bunge, linatunga sheria. Kimoja rais, anazitekeleza. Kimoja mahakama, inaangalia kama zinafuata katiba. Kila kimoja kinaweza kukizuia kingine kisijitwalie sinia zima. Mimi nilikuwa natazama vidole vyake. Fundi bomba gani ana vidole vizuri hivi?

Jumatatu, 10 Oktoba

Sikukuu ya shukrani ya huku, hakuna kazi. Wifi Neema, dada yake Baraka, amekuja kutoka Pickering, mji wa jirani, kula nasi. Ile karatasi bado ilikuwa pale karibu na chupa ya chai. Wifi akaiokota, akasoma, akapiga kofi mezani.

"Makubwa! Salome anagombea bodi ya shule?"

"Salome yupi?"

Akaangalia sahani yake. "Mimi sijasema kitu, wifi yangu. Nisogezee kachumbari."

"Mwambie tu," Baraka akasema. "Ni yule mchumba wangu wa zamani. Nilikwambia, mpenzi."

Kweli aliniambia alikuwa na mchumba, wakaachana. Jina hakuniambia. Wala hakuniambia kwamba ni mtu ambaye jina lake linachapwa na serikali.

Wifi akiondoka akaninong'oneza, "Usinune, wifi. Yule hata ugali hajui kusonga." Nikacheka. Mlango ulipofungwa nikaacha kucheka.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimemtafuta kwenye simu wakati wa mapumziko. Koti jekundu, meno yamepangika. Mwalimu. Digrii mbili. Anataka maktaba za shule zifunguliwe hadi jioni na kila mtoto apate uji asubuhi, au chochote wanachokunywa huko. Hata mipango yake mizuri. Namchukia.

Mimi nina kidato cha nne na mikono inayonuka sabuni ya kufulia.

Na siwezi hata kumpigia kura mpinzani wake. Siwezi kupiga kura popote. Nyumbani nilikozaliwa ni mbali, na huku uraia bado. Mtaa wetu wote wa Malvern umejaa mabango ya uchaguzi wa jiji kwenye bustani za watu, mimi napita kama ninayepita harusi isiyonihusu.

Salome anataka kura ya mume wangu. Ana watu maelfu wa kuwaomba. Mimi mume ninaye mmoja.

Alhamisi, 13 Oktoba

Amejaza kura. Chumbani, mlango amefunga. Chumbani kwetu! Mlango ule haujawahi kufungwa mmoja wetu akiwa nje. Nimegonga. "Kura ni siri, mpenzi," amesema, kwa sauti tamu kabisa.

Siri. Kwa mke.

Akatoka na bahasha imeshafungwa. Akanipa niitumbukize kwenye sanduku la posta nikienda kazini Agincourt. Nimefika kwenye sanduku. Nimepita.

Jumatano, 19 Oktoba

Bado ipo kwenye mkoba wangu, chini ya kofia ya kazini. Jana ameuliza kama nilituma. Nimesema ndiyo. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema asante.

Uongo wa kwanza wa ndoa yetu. Nimeuhesabu.

Jumatatu, 24 Oktoba

Uchaguzi wa jiji. Pale kazini, kwenye nyumba ya wazee, wamepigia kura kwenye ukumbi wa chakula. Mimi nilikuwa napeleka vitambaa vya meza. Mzee mmoja na mkewe, wote na vigari vyao vya kutembelea, wakaelekezwa kila mtu nyuma ya kibao chake cha kukinga kura. Mzee akanyoosha shingo kuchungulia. Bibi akafunika karatasi kwa mkono kama mtoto wa darasa la tatu. "Angalia ya kwako!" Ukumbi mzima ukacheka.

Sikucheka. Nilimwonea wivu yule mzee. Yeye angalau alikuwa karibu.

Ijumaa, 28 Oktoba

Nimefanya.

Zamu ya mchana, nipo peke yangu chumba cha kufulia. Pasi kubwa ya mvuke. Nimeshika bahasha juu ya mvuke, gundi ikalegea yenyewe, kama ilikuwa inaningoja. Nilitaka kuona kiduara kimoja tu, kando ya jina la Salome. Kimejazwa au hakijajazwa.

Ndani kuna bahasha nyingine. Imefungwa. Juu yake kiapo: kwamba ni yeye, kwamba ana haki ya kupiga kura, kwamba anajua kusema uongo hapo ni kosa. Halafu sahihi yake. Ile ile aliyoweka kwenye cheti chetu cha ndoa, na mkia wake mrefu.

Mvuke ulikuwa bado unatoka. Sekunde kumi tu zingetosha kuifungua na hiyo. Nimezima mashine.

Siku kumi na moja zimebaki kabla ya siku ya uchaguzi wao. Posta isipopiga muhuri kabla ya siku ile kwisha, kura yake haihesabiwi. Wiki mbili nimeikalia. Mimi nisiye na kura nimekaribia kumnyang'anya yake.

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimemwambia asubuhi, kabla hajavaa viatu. Yote. Nimeweka bahasha mbele yake.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa na kiatu kimoja mkononi.

"Wivu sijali. Ile 'ndiyo' yako ndiyo imeniuma. Nilikushukuru!"

Nikalia. Baadaye akasema, "Mbona hukuniuliza?"

"Ulisema siri."

"Hakuna anayeweza kunilazimisha niseme. Lakini wewe uliza."

Nikauliza. "Salome umempigia?"

"Nimempigia," akasema. "Zile shule nazijua, na yeye kazi anaiweza. Kukuoa wewe na kumchagua yeye ni mambo mawili."

Ningeweza kudanganywa kidogo. Sikudanganywa. Ndiyo mtu niliyemtaka, huyu asiyejua kudanganya, na leo natamani angejua.

Jioni ametia bahasha ya ndani katika bahasha mpya, akaandika anwani, akaiacha mezani. Hakusema nani aipeleke.

Jumatatu, 31 Oktoba

Nimewahi kutoka kazini. Nimepanga foleni kaunta ya posta ya haraka, watoto wawili mbele yangu wamevaa kama mizimu kwa sherehe ya huku ya leo, mama yao kachoka.

Karani akauliza ndani kuna nini. Nikasema kura. Akauliza kama ni yangu. Nikasema ni ya mume wangu.

Akabandika karatasi, akagonga muhuri. Akaitupa kwenye gunia la barua nyuma yake. Nilibaki nimesimama mpaka mtu wa nyuma akakohoa. Itafika Alhamisi. Kura ya yule dada wa koti jekundu, nimeipeleka kwa mikono yangu.

Bado nina wivu. Nimetembea nao mpaka nyumbani.

Baraka alikuwa amekaanga samaki. Nimempa risiti. Ameisoma, akaiweka juu ya friji, akanivutia kiti. Tumekula. Amenitolea miiba, akawa anaipanga pembeni mwa sahani yake.